Mpaka wa Jartepa, Samarkand kwenda Panjakent: nyota 4 kati ya 5

Kwa mnaouliza kama mtu anaweza kutoka Samarkand (Uzbekistan) akaenda Panjakent (Tajikistan) kwa barabara, ndio inawezekana na ni rahisi sana, ni kama kilomita 60 tu. Unachukua teksi ya kujaza abiria, mpatane bei kabla hujapanda maana wakiona mgeni wanapandisha, inakushusha getini, unavuka kwa miguu na begi lako, unagongewa muhuri huku, unatembea, unagongewa muhuri kule, ukitokea tu madereva wa upande wa pili wanakuitia Panjakent Panjakent. Viza angalia mapema kwa pasi yako, na ziwe mbili, kila nchi na yake.

Sasa kwa nini naipa nyota zote hizo. Hili geti lilifungwa 2010 jamani, na Samarkand imejaa watu wanaoongea Kitajiki, yaani mtu ana shangazi yake hapo karibu halafu kumsalimia tu azunguke mbali huko na viza juu. Enzi za Karimov, rais wa Uzbekistan, hizi nchi zilikuwa haziivi kabisa, ugomvi wa bwawa la umeme la Rogun ambalo Tajikistan inajenga na Uzbekistan ikahofia kukosa maji, sehemu za mpaka zikategwa hadi mabomu ya ardhini. Karimov akafariki 2016, akaingia Mirziyoyev akaamua kuanza na majirani, 2017 ndege za Tashkent na Dushanbe zikarudi, Machi 2018 geti likafunguliwa na raia wao wakafutiana viza, siku 30 wanakaa bila viza.

Na hapo hakuna hata nchi moja kati ya hizi mbili iliyo mwanachama wa ule Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia wa 2015, soko la pamoja lenye Urusi, Kazakhstan, Belarus, Armenia na Kirgizistani. Marais wawili tu, Mirziyoyev na Rahmon wa Tajikistan, wamekubaliana na mambo yakaenda. Mimi uongozi wa namna hii ndio nauheshimu, unaouona kwenye foleni: mbele yangu alikuwepo bibi mmoja na mikate ya Samarkand, ile ya duara mizito inayong'aa juu, kaifunga kwenye kitambaa anawapelekea wajukuu, askari kamwamkia kwa Kitajiki wakapiga stori kidogo, bibi huyo akapita.

Nyota 1 nimekata kwa sababu unapanga foleni mara mbili, majengo mawili, na kiangazi jua ni kali. Namanga sisi tunamalizana na nchi zote mbili ndani ya jengo moja, na hawa wanaweza kabisa. Machi 2025 Kirgizistani na Tajikistan, waliopigana 2021 na 2022, wamesaini mpaka wao na mageti yakafunguliwa, mwisho wa mwezi huohuo marais watatu pamoja na wa Uzbekistan wakakutana Khujand, mji wa Tajikistan, kwa hiyo kushindwa kujenga jengo moja sikubali.

Badilisha hela kidogo upate somoni, hela ya Tajikistan, kabla ya teksi ya pili, na ukifika Panjakent usikose magofu ya Wasogdia, watu wa kale wa huko, pale juu ya mji, nenda asubuhi.