Ukuta wa Bafu kwa Bajeti Ndogo: Ununue Nini Kwanza

Mtu akitaka kupendezesha bafu lake, Nakuru au Kisumu, huanza kwa kuuliza bei ya vigae vya kuta zote. Usianze hapo. Maji hayapigi kuta zote nne, yanapiga pembe ya shawa. Pesa ziende pale.

1. Vigae kwenye pembe ya shawa, rangi ya mafuta kwingineko

Hili ndilo chaguo bora. Chukua bafu la mita 1.5 kwa 2. Ukuta mfupi pamoja na mita moja ya ule mrefu ni mita 2.5. Pandisha vigae hadi mita 1.8, upate mita 4.5 za mraba, kisha ongeza asilimia 10 ya vitakavyokatwa na kuvunjika. Katoni ya vigae vya sentimita 30 kwa 60 ikiwa na vinane, inafunika mita 1.44 za mraba, kwa hiyo 4 zatosha. Kuta zote, ukitoa mlango, zingekula 9.

Dukani, linganisha namba ya rangi iliyo ubavuni mwa kila katoni. Zikitofautiana, weupe wa ukutani utaonekana wa aina mbili. Halafu weka vigae viwili uso kwa uso; vikiyumba vimepinda, virudishe.

Gundi ya vigae ya kilo 20 hufika kama mita 4 au 5 za mraba, basi beba mifuko miwili. Ukitumia gundi, usiloweke vigae. Ukitumia saruji tupu, viloweke, la sivyo vitanyonya maji ya saruji na kushika vibaya. Rangi ya zamani ichokorwe hadi plasta ionekane, maana kigae kilichobandikwa juu ya rangi hudondoka nayo. Tena usikubali fundi abandike kwa matonge matano ya gundi: pembe hubaki na hewa, na ndizo hupasuka kwanza. Gundi isambazwe kwa mwiko wa meno. Ikishakauka, kabla ya kumalizana na fundi, gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kinacholia kama kuna uwazi nyuma yake kitolewe.

2. Rangi ya mafuta peke yake

Mkebe wa lita 4 hupaka bafu hili mara mbili. Adui ni unyevu. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu pande zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta haujakauka na rangi itafanya malengelenge. Msimu wa mvua ya Machi hadi Mei hili hutokea sana, na ni heri kungoja. Ukungu uoshwe kwa Jik iliyochanganywa na maji, uukaushe ndipo upake. Jik usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo; moshi wake ni sumu.

3. Bodi za plastiki (PVC)

Hufungwa haraka na kufunika plasta mbaya. Lakini bomba likivuja nyuma yake hutajua hadi ukuta uoze. Rekebisha mabomba kwanza, kisha ziba viungo na kingo kwa silikoni.

4. Stika za ukutani

Karibu na shawa, hapana. Mvuke hufungua kingo, maji yakaingia, ukungu ukaota chini yake. Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta anaweza kuziweka juu ya sinki, mahali pakavu.