Unga wa bakteria dhidi ya viwavi: maoni baada ya msimu mmoja wa kabichi

Dawa niliyoitumia ni unga wa Bacillus thuringiensis, bakteria aliyegunduliwa Japani mwaka 1901 na Ishiwata Shigetane alipokuwa akichunguza vifo vya viwavi wa hariri. Haiui kwa kugusa. Ni lazima kiwavi ale jani lililonyunyiziwa, ndipo sumu ya bakteria huyo itoboe utumbo wake. Kwa hiyo asubuhi baada ya kunyunyiza niliwakuta viwavi wote wakiwa bado wamejishikiza majanini, nikadhani nimepoteza fedha zangu, mpaka nilipoona kwamba hapakuwa na tundu jipya wala kinyesi kibichi kwenye moyo wa kabichi. Siku ya tatu walikuwa wamelegea na kuwa weusi.

Udhaifu wake mkubwa ni jua, ambalo huidhoofisha kwa siku chache tu, na mvua, ambayo huiosha. Hivyo nilinyunyiza jioni, chini ya majani hasa, na kurudia kila wiki. Majani ya kabichi yana nta, maji huteleza, kwa hiyo nililazimika kuongeza matone machache ya sabuni ya maji, jambo ambalo maelezo ya pakiti, yaliyochapishwa kwa herufi ndogo mno, hayakulitaja. Viwavi wakubwa walistahimili zaidi, nami niliwaokota kwa mkono. Vidukari haiwagusi kabisa, kwani hufyonza utomvu badala ya kutafuna jani.

Nitainunua tena, ila katika pakiti ndogo zaidi.