Tembe la Kwihara, mlioko Tabora nendeni jamani

Jana nimetoka Kwihara kuona lile tembe alilokaa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti wa zamani, aisee sikutegemea. Si mbali na mjini, boda ananiambia bei kama ananipeleka Nzega, tukabishana weee mpaka akashusha.

Nyumba yenyewe ya udongo, kuta nene balaa, nje jua linachoma ndani ubaridi kama kuna eisii. Mlango sasa! Umechongwa kama ile ya Zanzibar, mi nimeusimamia pale hadi nikaonekana mshamba. Ndani kuna makaratasi na ramani za zamani, barua mwandiko wake wa kubanana macho yanauma.

Kumbe Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alivyomkuta Ujiji 1871 walikuja wote huku Februari 1872, Stanley akasepa Machi, mzee akabaki akisubiri wapagazi na mizigo mpaka Agosti ndo akaondoka, hakurudi tena, akafia huko Zambia 1873. Nikakaa uani nikawaza hiyo miezi yote anasubiri tu watu wafike kutoka pwani, mi boda kuchelewa dakika kumi nishanuna.

Bebeni maji, na mwende asubuhi.