Pasar Senen, Jakarta: mitumba ya vijana wa Indonesia, kwangu nyota 4 kati ya 5

Kama wewe ni mtu wa Karume au Gikomba halafu ukabahatika kufika Jakarta, maduka makubwa ya mall achana nayo kwanza, nenda soko la Pasar Senen, Blok III. Kufika ni rahisi sana, basi la Transjakarta nauli rupia 3,500 ila keshi hawapokei, unagonga kadi, au panda treni ushuke stesheni ya Pasar Senen, iko jirani kabisa.

Sasa ukiingia ndani ndo utaelewa kwa nini naisifia. Wanunuzi wengi ni madogo wa chuo na sekondari, wanakuja kwa makundi, na hawaji kwa sababu hela ya duka hawana, wanakuja kuwinda. Jaketi za kazi za Kimarekani, jezi za zamani, tisheti za bendi, sweta za Kikorea, hayo ndo wanayapigania. Nimeona dogo kageuza tisheti nje ndani anakagua pindo kama limeshonwa mstari mmoja, kama tisheti nyingi za zamani, au miwili, anasoma lebo, anairudisha, maana siku hizi kuna watu wanachapa tisheti mpya wanazichakaza wanaziuza kama za zamani. Wasichana wa hijabu nao wako vizuri mno, wanachukua blezia za kiume kubwa na suruali pana, wakitoka hapo wamependeza kuliko matangazo ya madukani.

Na hii ya kuvaa kwa ubunifu kule imewakaa damuni. 2022 si mnakumbuka wale madogo wa Citayam, Bojonggede na Depok, huko pembezoni, walivyokuwa wanapanda treni mpaka Dukuh Atas katikati ya jiji wanatembea kwenye zebra kama wanamitindo, nguo za bei ya chini kabisa na nchi nzima ikawaangalia. Mi niliwapenda sana wale watoto.

Bei: zile za kulundikwa unaweza pata kitu kwa rupia 35,000 au chini ya hapo, yaani kama elfu tano na kitu za kibongo, ila zilizotundikwa kwenye henga zimeshachambuliwa, hapo jiandae kwa laki ya rupia na kuendelea. Bei ya kwanza usiikubali, hasa ukiwa mgeni, kuna muuzaji alinitajia bei nikaondoka zangu, sijafika mbali akaniita kwa nusu yake. Mwanaume muite Bang, dada muite Kak, ongea kwa upole, wanashusha. Beba keshi maana wenyeji wanaskani QRIS, ile kodi ya malipo ya Indonesia, kwa simu hata kwa vitu vidogo, wewe huna benki ya kule utahangaika.

Nyota niliyokata ni ya saizi. Mzigo mwingi unatoka Korea, Japani na China, kwa hiyo dada mwenye hips zake suruali aisahau, na viatu ukivaa 44 utazunguka mpaka uchoke. Jaketi na mashati ndo usalama wako.

Kuna jambo lingine linaniuma. Kisheria kuingiza mitumba kutoka nje ni marufuku Indonesia, toka 2015 kuna kanuni kabisa, na Machi 2023 Jokowi, rais wa wakati huo, akasema hadharani biashara hii inaua viwanda vya nguo vya ndani, marobota yakachomwa moto. Sisi hii hadithi tunaijua, 2016 Afrika Mashariki si tulikubaliana kuachana na mitumba, Marekani wakatishia kututoa AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, wengi wakarudi nyuma, Rwanda ikakaza na 2018 nguo zake zikafutiwa msamaha wa ushuru. Hoja ya viwanda naielewa kabisa, mafundi wa Bandung, mji wa viwanda vya nguo, nao wana watoto wa kulisha, lakini kuchoma nguo nzima zinazovalika mi siwezi kukubaliana nako, na wauzaji wenyewe ni vijana walewale, mchana wapo mezani usiku wapo laivu kwenye simu wanauza.

Nenda siku ya kazi asubuhi, wikiendi huwezi hata kugeuka. Na kama kuna ndugu anaenda kusoma nchi za baridi na anapitia Jakarta, mwambie makoti mazito anunue hapo, yapo mengi maana Waindonesia wenyewe huyafuata hapo wakitaka kwenda kutembea Korea na Japani.