Seti ya siku tano miambani: kilichofaa, kilichoniangusha

Seti hii ya kuvulia samaki nimeitumia kwenye safari nne za boti ya kukodi, siku tano kila moja, juu ya miamba ya matumbawe yenye kina cha mita 25 hadi 80. Ni fimbo tatu, rili tatu na masanduku mawili ya vitu vidogo. Fimbo na rili nazipa alama nzuri tu. Vitu vidogo ndivyo vilivyoamua kila kitu, na ndivyo watu wengi huvinunua mwishoni, kwa chenji iliyobaki.

Kwanza maswali kwa nahodha, kabla hata ya kwenda dukani: tutavua kina gani, mkondo ukoje, chambo kipo au tubebe, na boti ina machubwi (vile vizito vya kushusha ndoana chini) au haina. Hilo la machubwi si dogo. Machubwi 30 ya gramu 250 ni kilo saba na nusu za mzigo. Angalia pia tarehe dhidi ya mwezi. Safari ikiangukia bamvua, mkondo utataka chubwi la gramu 350 hadi 450 mahali ambapo maji mafu yangeridhika na gramu 200. Boti moja niliyokodi ilitaja "vifaa vyote vipo" kwenye maelezo yake. Vilivyokuwapo ni fimbo zenye pete zilizopasuka na machubwi ya saizi moja. Tangu hapo naomba picha.

Fimbo ya kazi ni ile ya kuvulia chini: mita 1.8, nzito, na rili ya spuli inayozunguka iliyobeba mita 400 za uzi wa kusuka wa ratili 65. Ya pili ni mita 2.4 ya kurushia popa, yaani chambo bandia cha juu ya maji, na rili ya spuli tuli ya saizi 14000. Ya tatu ni nyepesi, ya jigi (chambo bandia cha chuma) za gramu 100 hadi 200, rili ya saizi 8000, na ndiyo akiba zingine zikivunjika. Zaidi ya tatu ni kujazia watu njia. Kwenye pete za fimbo, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila moja na ukizungushe polepole. Palipo na ufa, nyuzi za pamba zitabaki zimening'inia. Ufa huo jicho halioni, lakini uzi wa kusuka ukisuguliwa hapo siku nzima unachanika kama kamba ya kisima.

Kujaza rili ndiko kulikonifundisha zaidi. Uzi wa kusuka hauna mshiko, kwa hiyo ukifungwa moja kwa moja kwenye spuli ya chuma, uzi wote unateleza kuzunguka spuli, na wewe unadhani breki ya rili imekufa. Weka mita 10 hadi 15 za nailoni kwanza, ndipo uunganishe uzi wa kusuka. Halafu ujaze ukiwa umekazwa, kilo mbili hadi tatu hivi, mwenzako akiushika kwa kitambaa kilicholowa. Uzi uliojazwa kilegevu unazama katikati ya mizunguko ya chini yake samaki anapovuta. Akivuta mara ya pili unakwama, na hapo unakatika kabla breki haijafanya lolote. Kwenye spuli tuli acha milimita mbili au tatu chini ya ukingo. Ukijaza hadi juu, uzi utaruka kwa mafungu wakati wa kurusha na kukuachia mafundo yasiyofunguka. Nunua ule unaobadilika rangi kila mita 10: nahodha akisema samaki wako mita 15 juu ya mwamba, utajua ulipo bila kubahatisha.

Uzi wa mbele kwangu ni nailoni ngumu ya ratili 80 kwa kazi ya kawaida na ratili 100 panapojulikana kuwa na chewa wakubwa. Florokaboni, aina nyingine ya uzi, ni nzuri, inazama na haisuguliki haraka, lakini kwenye unene huo ni kavu kama waya na mafundo yake yanahitaji subira. Naitumia pale tu maji yanapokuwa meupe kabisa na changu wanakataa kula. Beba mita 100. Ndiyo, 100. Kila fundo jipya linakula mita, kila jiwe linakwangua mita nyingine, na mita tatu hadi tano ndizo zinazotakiwa mbele ya kila fimbo ya chini. Fimbo ya kurushia inatosha mita moja na nusu, ili fundo lisigonge pete kila unaporusha.

Kuunganisha uzi wa kusuka na nailoni natumia fundo la FG, na ningemshauri mtu alifanyie mazoezi nyumbani mpaka aweze kulifunga akiwa amesimama juu ya kitu kinachoyumba. Kaza uzi wa kusuka uwe kama waya. Pitisha nailoni juu yake, kisha chini yake, mara 20, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kupandana. Funga vifundo viwili vya nusu vinavyobana nyuzi zote mbili, lowesha kwa mate, kisha vuta kwa nguvu, kila upande ukiwa umezungushiwa kipande cha mti, si mkono. Sasa tazama rangi. Uzi wa kusuka ukiuma ndani ya nailoni, sehemu ile inakolea kama nguo iliyolowa. Isipokolea, fundo halijauma na litateleza likipata mzigo. Fungua, anza upya. Ikikolea, kata mkia wa nailoni karibu kabisa, umalizie vifundo vya nusu nane kwenye uzi wa kusuka peke yake, kimoja upande huu, kingine upande ule. Wapo wanaochoma mkia wa nailoni kwa kiberiti ili uwe na kichwa. Mimi siwashi moto karibu na uzi wa kusuka. Unayeyuka kabla hujaona moshi.

Mishipi ya chini nafunga 24 kabla ya safari na kuikunja kila mmoja kwenye mfuko wake wa plastiki, saizi ya ndoana imeandikwa juu. Kila mshipi ni mita moja na nusu ya nailoni ya ratili 80 yenye matawi mawili ya sentimita 20, yaliyoachana nusu mita ili ndoana zisikumbatiane. Chubwi linafungwa chini kwa kipande cha nailoni dhaifu, ratili 30 hivi. Chubwi likinasa kwenye matumbawe, na litanasa, kinakatika kipande hicho na unarudi na mshipi wako. Nilipojaribu kufunga chubwi kwa uzi uleule wa ratili 80, kila kunasa kulikuwa kunaondoka na kila kitu. Ukweli ni kwamba machubwi sita kwa siku kwa mtu mmoja si ajabu juu ya mwamba mkali. Kwa hiyo ile 30 niliyotaja si woga wa mgeni.

Ndoana ni za mviringo, ile ncha inayogeukia ndani. Saizi 5/0 na 6/0 kwa changu, 8/0 na 9/0 kwa chewa, jumla 60. Zisiwe za chuma kisichopata kutu, kwa sababu samaki akikata uzi ndoana ya kawaida inaliwa na kutu na kumtoka. Ndoana hizi zina masharti mawili ambayo watu huyasahau halafu wanasema hazifai. La kwanza, ncha iachwe wazi; kipande cha ngisi kichomwe mara moja tu, kisisokotwe mpaka pengo lote likajaa. La pili, usishtue fimbo. Samaki akivuta, zungusha mkono wa rili kwa mwendo mmoja, ndoana iteleze yenyewe hadi pembeni mwa mdomo. Ukishtua unaichomoa. Ndoana ya zamani ipime kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwama hapohapo bado ina kazi.

Nguru na mzia hawana adabu kwa nailoni. Waya wa sentimita 25 unatosha, lakini uwe kwenye fimbo ya kurushia au ya kuburuta tu. Kwenye fimbo ya chini waya unapunguza kuliwa, na hilo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba sibishani tena.

Breki ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kuvuta kwa mkono na kukunja uso. Kipimo ni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa ratili 65 ni kilo 29 na ushei, kwa hiyo mimi naweka kilo 8. Pima uzi ukiwa umepita kwenye pete zote na fimbo imeinuka, maana msuguano wa pete nao ni breki. Jambo moja zaidi: uzi ukipungua kwenye spuli, breki inazidi kuwa nzito ingawa hujaigusa. Kwa chewa hilo halina shida, kwa sababu vita vyake ni mita tano za kwanza, kabla hajaingia pangoni. Kolekole mkubwa akikimbia mita 150, ilegeze kidogo, usiikaze.

Kilichoniangusha hasa ni sanduku. La kwanza lilikuwa la vyumba vingi, lenye mfuniko usiopitisha maji, zuri kwa kutazama. Tatizo ni kwamba haliyatoi maji pia. Ndoana moja iliyotumika ikirudishwa humo ikiwa na chumvi, siku ya tatu zote zina kutu, na jigi zimepata madoa. Sasa sanduku ni la vilivyo vikavu peke yake. Vilivyotumika vinaingia kwenye ndoo ndogo yenye matundu chini, jioni vinanyunyiziwa maji yasiyo na chumvi kwa chupa ya lita moja (maji ya boti ni ya kunywa, usiyamwage), vinakauka, ndipo virudi. Vibanio vya bei rahisi vya kuunganisha jigi na uzi navyo nivitaje: viwili vilifunguka vyenyewe samaki akiwa mzito. Kwenye jigi natumia pete kama ya kushikia funguo, ya ratili 150 au zaidi, na plaizi maalumu ya kuifungua. Kamba za ndoana za jigi zikague kila jioni. Meno huzitafuna kidogokidogo mpaka zinabaki nyuzi chache.

Samaki asiyefikia kipimo na aliyetoka kina kirefu huja juu akiwa amevimba hewa, akitupwa tu anaelea na kuliwa na ndege. Kibanio cha mdomo chenye uzito wa kumshusha tena chini ni kitu kidogo, kinarudisha wengi wakiwa hai, na boti nyingi hazina. Bebeni.

Mengine kwa haraka. Mkasi wa uzi wa kusuka, kwa sababu plaizi huuchana tu. Plaizi mbili, zote zimefungwa kamba. Glavu jozi mbili. Taa ya kichwa. Mkasi wa kukatia vyuma, wenye nguvu ya kukata ndoana iliyoingia mkononi mwa mtu, na ukae mahali ambapo kila mtu anajua. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kung'oa nanga, maana tumbo likishageuka haikai. Begi liwe laini. Sanduku gumu la nguo halina pa kulala kwenye boti.

Nikirudi, rili naikaza breki kwanza, ndipo nainyunyizia maji yasiyo na chumvi kwa mnyunyizo mwembamba. Maji ya bomba yenye nguvu husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Ikikauka, naizungusha breki mpaka ilegee kabisa. Visahani vya ndani vya breki vikihifadhiwa vimebanwa, safari inayofuata breki inaanza kwa mshtuko badala ya kuteleza, na mshtuko huo unakata uzi hata wa ratili 65.