Mashine ya kukatia tailizi kwa maji: plagi yake imenikera, angalia

Mwakeye wadau! Leo nipo saiti hapa Gungu, Kigoma, na mzigo ndio huu mezani, mashine ya umeme ya kukatia tailizi, ile ambayo diski inazunguka kwenye trei ya maji. Wati 800, diski inchi 7, mengine yapo kwenye boksi sisomi, maana hii plagi imenikera tangu nimeifungua.

Sogea na kamera. Unaona, pini mbili za duara. Soketi zetu zina matundu matatu bapa, na mafundi mnajua tunavyofanya, unachomeka peni tundu la juu, yale ya chini yanafunguka, unasukuma plagi, mashine inawaka, kazi inaendelea. Kwa mashine ya maji hapana jamani, HAPANA. Cheki hapa pembeni ya plagi, hivi vibati viwili, hiyo ndio ethi yake, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kwenye soketi za nchi zinazotumia plagi hii vinagusana na vibati vya soketi. Sasa naingiza kwenye yetu, vuta karibu, umeona? Vinaelea, havigusi kitu. Mashine inafanya kazi vizuri tu lakini bodi yote hii ya chuma haina ethi, waya ukichubuka ndani ukagusa bodi, umeme unakaa pale mpaka uje wewe na mikono yenye maji, sakafu yenyewe imelowa na umevaa ndala.

Kwa hiyo nakata, nafunga plagi ya pini tatu. Hapa nimeifungua natazama ndani, pini ndefu iko juu: kahawia kulia, bluu kushoto, kijani na njano juu. Huu wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka, na kile kibanio kibane ganda la nje sio nyaya. Na kama nyumba yenyewe haijafungwa ethi basi plagi hii haikusaidii, muite fundi umeme kwanza, usikubali bosi akuharakishe.

Halafu hapa katikati naweka RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme haraka ukivuja. Breka ya kawaida inalinda waya, haikulindi wewe, umeme unaokuua ni mdogo sana, breka haistuki hata kidogo. Kabla ya kazi bonyeza hiki kitufe cha T... umesikia? Imekata. Isipokata usiwashe mashine.

Ekstensheni ya rola ivute yote itoke, ukiacha imejikunja inachemka. Iwe ya nyaya tatu, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa sababu mashine inavuta kama ampia 3 na nusu. Kichwa chake kaa nacho mbali na maji, juu ya kiti au tofali, na waya wa mashine uuache uning'inie chini kuliko soketi kwanza ndio upande juu kuifikia, maji yakifuata waya yanadondoka pale chini, hayaingii kwenye soketi.

Kuna mdau wa Kibirizi aliuliza kuhusu jenereta. Kale kadogo ka wati 650 sahau, mota wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya kawaida.

Wengine mtasema grinda inatosha. Grinda naipenda, kona na tundu la bomba bado nakata nayo, ila lile vumbi la poselini linaharibu mapafu, na nyie mnaomweka saidia akumwagie maji ya chupa kwenye grinda inayozunguka, acheni leo leo, ile haikutengenezwa kwa maji.

Kwa bei ya hii unapata grinda mbili na chenji, nilikuwa nataka kuwaambia msinunue, lakini tazama huu mkato wa poselini, haujamenyeka hata kidogo. Nunua, ila tenga na hela ya plagi na RCD. Video ijayo ni diski za almasi, sabskraibu tukutane huko.