Msikiti wa Sidi Saiyyed, Ahmedabad, si wa dakika tano

Kama unampeleka mgonjwa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India, na mkabahatika siku moja ya kutembea, nakuomba sana: usimkubali mwongoza wageni wa kuitiwa na watu wa hoteli. Imepita zaidi ya mwaka sasa, na nikimkumbuka yule wetu damu bado inanichemka.

Nilimpeleka mama kutibiwa goti, ilikuwa mwezi wa pili au wa tatu hivi. Kati ya vipimo na majibu tulikuwa na siku mbili za kungoja, mama akasema, "Mwanangu, tangu tufike sijaona kitu ila dari." Hotelini wakatuitia kijana mwenye gari lake. Tukapatana bei ya siku nzima, nikamwambia mapema na waziwazi: popote utakapotupeleka ni sawa, ila mimi shida yangu ni msikiti wa Sidi Saiyyed, pale mtaa wa Lal Darwaza.

Asubuhi, haki yake nimpe, alifanya kazi. Kwenye ashram ya Gandhi, yaani makao aliyoishi na wafuasi wake, kando ya mto Sabarmati alieleza kwa utulivu jinsi Gandhi alivyotoka pale Machi 12, 1930 na wenzake 78, wakatembea siku 24 hadi Dandi, pwani, kwenda kuokota chumvi na kuivunja sheria ya Mwingereza. Mama amezaliwa Pangani, chumvi anaijua. Akashangaa: "Chumvi ya bahari ya kwao wenyewe, wakaitoza kodi?" Jama Masjid nako tulifika, msikiti wa mwaka 1424, nguzo baada ya nguzo mpaka unapotea. Minara yake iliangushwa na tetemeko la 1819.

Halafu akatupeleka dukani. Sikuomba duka. Saa mbili nzima tumekalishwa, tunakunjuliwa sari na mashuka, chai inakuja, mwenye duka anatabasamu, na kijana wetu yuko pembeni na simu akingojea kamisheni yake. Mguu wa mama ukaanza kuvimba. Nilipomwambia tuondoke akajibu, "Bado mapema."

Tunafika Lal Darwaza jua limeshainama. Akasimamisha gari ng'ambo ya barabara bila hata kuzima injini. "Dakika tano. Ni msikiti mdogo, hauna kitu. Pigeni picha dirisha, twende."

Nikamwambia mimi nimekuja kwa ajili ya aliyeujenga. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, Mwafrika, na Gujarat mpaka leo wapo Masidi wenye asili ya kwetu, ngoma yao wanaiita goma. Yule kijana akacheka. Akasema Masidi waliletwa kulinda milango na kubeba mizigo, kazi kama ile hawaiwezi, huyo lazima aliwalipa mafundi tu akaandikwa jina. Sasa nani asiyejua kwamba anayejenga msikiti huita mafundi? Mbona masultani waliojenga misikiti mingine hakuuliza kama walichonga wenyewe? Mama hakufahamu Kiingereza chake, lakini kicheko alikifahamu. Akaniuliza, "Anatucheka sisi?" Sikumjibu.

Tulishuka. Nikamshika mkono tukazunguka nyuma, upande ambao madirisha yale yanaonekana kutoka nje. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa milango ya nakshi, mama amekulia kwenye vumbi la patasi. Akatazama juu, akanyamaza. Ni dirisha la nusu duara, limejaa mti mmoja: shina linapanda likijipinda, matawi yanatoka, yanapishana, yanajikunja ncha kama mkono wa pweza, na katikati yake mnazi, au mtende, umesimama wima. Baina ya tawi na tawi ni uwazi mtupu, unaona mwanga. Mama akasema, "Mbao hii wameitunza." Nikamwambia ni jiwe. "Jiwe?" Akainua fimbo yake akawa anafuata tawi moja hewani, kutoka shinani, akitafuta linapoishia, linampotea, anaanza upya.

Hapo ndipo honi ikaanza kupigwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akaigandamiza. Mama akashusha fimbo, akasema twende, tusimchoshe mtoto wa watu. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mama wa miaka sabini na goti limevimba.

Usiku ule niliapa Ahmedabad sikanyagi tena, na ningeandika siku ile ningewaambia msiende kabisa, mji mzima haufai.

Kesho yake jioni, mama amelala, nikachukua bajaji peke yangu. Dereva hakuongea neno, alinishusha mlangoni akachukua rupia zake akaenda zake. Nikaswali magharibi ndani. Ule msikiti ulimalizika 1573, wakati Akbar, mfalme wa Wamughal, anaiteka Gujarat, na upinde wa katikati wa ukuta wa kibla umezibwa kwa mawe matupu, hauna nakshi, huku wenzake wa pembeni wamepambwa hivyo. Baadaye Waingereza waliwahi kuufanya ofisi. Nilikaa mpaka taa zikawaka, nikatoka nje kulitazama lile dirisha likiwa na mwanga nyuma yake, mti mweusi juu ya njano. Nikampigia mama simu ya video. Akaniambia, "Sogeza kushoto. Hapo. Usitikise mkono." Tukakaa hivyo muda mrefu, hakuna wa kutupigia honi.

Kwa hiyo mji sina neno nao, nayarudisha maneno yangu. Mwongozaji simsamehi. Mama ana kliniki tena mwaka huu, na tumeshapatana: bajaji, Lal Darwaza, na kiti chake cha kukunja tunakibeba.